Dadu au msimulizi? Kutafuta ugonjwa wa meza inayogombana

Meza ya mchezo wa uhusika ikichafuka, malalamiko huwa ya namna mbili. Huyu anasema, "Dadu imetuua bure." Yule anasema, "Dadu gani, wewe ndiye uliyeamua." Wanaonekana kupingana, lakini mara nyingi wanalalamikia kitu kimoja: dadu ilitupwa kabla mtu yeyote hajasema inatupwa ili kuamua nini. Yaliyo hapa chini ni kwa wanaoendesha meza na kwa wachezaji waliochoka kununa. Tafuta dalili inayofanana na ya meza yako, mengine yaruke.

Kwa asiyeujua mchezo: huketi watu wanne au watano. Mmoja ni msimulizi, anaeleza dunia ilivyo na kuwasemea walinzi, wafanyabiashara, majini na kila asiye na mchezaji. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Jambo likiwa na shaka hutupwa dadu, mara nyingi ya pande 20, unaongeza nyongeza ya mhusika wako, na ukifikia kiwango kilichowekwa umefaulu. Mchezo maarufu zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Mifano yangu ni ya meza za Lamu, ambako wahusika ni mabaharia wa jahazi la zamani linalobeba boriti, na hakuna aliyemwona joka.

Nahodha hodari anaboronga kama mwanagenzi

Karatasi ya mhusika inasema ni nahodha, mzaliwa wa Kizingitini, amepita mkondo wa Mkanda tangu utoto. Anasema, "Naingia Mkanda." Msimulizi anajibu, "Tupa." Inakuja 2. Jahazi linapanda mchangani, meza nzima inacheka isipokuwa mwenye nahodha.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha kosa liko wapi. Kwenye dadu ya pande 20 kila upande una asilimia 5. Hata ukimwekea nahodha huyu kazi rahisi kabisa, kwamba apate 4 au zaidi, bado atashindwa asilimia 15 ya mara, yaani kama safari moja katika kila saba. Nahodha anayekwamisha chombo namna hiyo Lamu hapewi mzigo na mtu, hata awe mkwe wako.

Kitabu cha kanuni kitakuambia utupe kwa ajili ya uongozaji wa chombo. Lakini mchezo huu ulizaliwa Wisconsin na Minnesota, majimbo yasiyopakana na bahari. Huku kwetu kujaa na kupwa si bahati. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana; katikati ni maji mafu. Mkanda, kati ya Manda na bara, ni mkondo wenye maji machache, chombo husubiri maji. Kwa hiyo nahodha akisema anaingia, msimulizi hahitaji dadu, anahitaji tarehe ya mwezi na saa. Maji yamejaa? Wamepita. Yamepwa? Wasubiri, au wazunguke Manda kwa nje, bahari kuu. Na kama msimulizi ametoka bara na hayajui haya, mezani hakosekani mtoto wa mvuvi. Amuulize, akubali jibu, waendelee.

Dadu ina nafasi yake palepale Mkanda. Wameondoka wamechelewa, maji yameanza kutoka, chombo kimejaa boriti hadi ukingoni, nyuma kuna mashua ya watu wenye bunduki. Je, watapita? Hapo sijui, na wewe hujui. Kipimo ninachotumia ni hiki: wakiitwa wavuvi wawili wazoefu wakaelezwa hali ilivyo, watabishana? Wakibishana, tupa. Wasipobishana, sema kilichotokea.

Wapo wanaodhani ukiondoa dadu umeondoa hatari. Waulize walioishambulia Lamu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilishuka ufukweni, likapigwa, na inasimuliwa kwamba lilipokimbilia vyombo vyake lilikuta maji yamepwa na vyombo vimekaa mchangani. Yafanye mezani bila dadu: wahusika wanaposhuka, sema wazi kwamba maji yameanza kupwa. Usiseme zaidi. Wakizama katika mapigano wakasahau kuhesabu saa, hakuna wa kumlaumu, si wewe wala plastiki.

Mchezo umesimama, kila mtu anakutazama

Waraka umefichwa ndani ya nyumba ya mawe, nyuma ya sahani katika zidaka za ukutani. Wote wametupa, wote wamekosa. Bila waraka hadithi haina pa kwenda, na msimulizi anaanza kutafuta visingizio: "Hebu tupeni tena."

Hapa uliipa dadu ufunguo wa mlango pekee. Kama lazima wapite, usiwatupishe ili kujua kama watapita. Waraka wataupata. Dadu ijibu swali jingine: wataupata kwa gharama gani? Labda mwenye nyumba amerudi na wamo ukumbini. Labda sahani imeanguka. Labda waraka umeliwa na mchwa kona ile yenye jina.

Ikiwa meza yako inapata dalili hii kila wiki, iache dadu ya 20 kwa muda, chukua mbili za ludo. Zijumlishe: 10 na zaidi umepata kama ulivyotaka, 7 hadi 9 umepata lakini kuna la kulipa, 6 na chini msimulizi anakuletea balaa. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 6 ni ushindi mtupu, 15 ni ya katikati na 15 ni balaa. Kwa hiyo mchezo hausimami, kwani hata balaa ni jambo lililotokea. Michezo mingi ya miaka ya karibuni imejengwa hivyo, na kwa mwanzo naipenda kuliko ile ya 1974, ingawa wazoefu wa dadu ya 20 watanitia hatiani kwa kusema hivyo.

Kunyemelea hakufanikiwi kamwe, kufungua kufuli hakushindikani kamwe

Hizi ni dalili mbili za ugonjwa mmoja: dadu nyingi kwa swali moja.

Wahusika wanne wanapita kimya chini ya ngome, kila mmoja ana asilimia 70 za kufaulu. Msimulizi anawatupisha wote na kusema mmoja akishindwa wote wameonekana. Asilimia 70 mara nne mfululizo inashuka hadi 24. Uliwaambia ni hodari, ukawapa mtihani wa kufeli. Atupe mmoja tu kwa niaba ya wote, yule anayeongoza au yule mzito kuliko wote, chagueni.

Upande wa pili, mhusika asiyejua kufuli ana robo tu ya kufaulu, asilimia 25. Anashindwa, anaomba tena, anaruhusiwa, tena, tena. Akitupa mara tano amefika asilimia 76. Kufuli limefunguliwa na uvumilivu wa msimulizi. Kanuni iwe kwamba ukishindwa umeshindwa mpaka hali ibadilike: umepata chombo kingine, mwenzako ameshika taa, umeamua kuvunja na makelele yake. Na kama hakuna anayewafukuza, usiku ni mrefu, kufuli ni la kawaida, basi limefunguka, muda umekwenda. Umefika wapi muda huo? Hilo ndilo swali lenye utamu.

"Unampendelea shemeji yako"

Hii ndiyo inayovunja meza nyingi, na Lamu inauma zaidi kwa sababu hakuna meza isiyo na udugu. Mkitoka hapo mnakutana msikitini, kwenye harusi, kwenye mashua ya Mokowe.

Inavyotokea ni hivi. Binamu anataka kumpita mlinzi wa lango. Anatupa, anapata 14. Msimulizi anaitazama dadu, anafikiri, anasema, "Amekuona." Baadaye shemeji anapita lango lilelile, anapata 13. "Umepita." Binamu anaweka kalamu chini.

"Mimi na kumi na nne yangu nimeonekana, yeye na kumi na tatu amepita?"

"Wewe ulipita na taa, binamu. Yeye kapita wakati wa adhana, mlinzi amekwenda kutawadha."

Sababu ni nzuri zote mbili, zimechelewa tu. Kikitajwa baada ya dadu kutulia, kiwango hakina tofauti na upendeleo, hata ukiwa mwadilifu kiasi gani, na hakuna kiapo kitakachokuokoa.

Kwa hiyo sema mapema, na sema na sababu: "Ni 16, kwa kuwa kuna mbalamwezi na wewe umevaa kanzu nyeupe." Binamu akisikia hivyo anaweza kujibu, "Basi nasubiri mwezi uzame," au, "Navua kanzu." Hapo uamuzi wako umegeuka kitu ambacho mchezaji anaweza kukishika na kukigeuza. Kiwango kinashuka hadi 12, anatupa, akishindwa anacheka mwenyewe. Hukumu ya msimulizi inafanya kazi yake yote kabla ya dadu. Dadu ikishatulia, kilichobaki ni kusimulia.

Nimesikia pingamizi kwamba kutaja kiwango kunaua mshangao. Hakuui. Mtu mwenye macho anaona ukuta ni mrefu kiasi gani. Asichokiona, kwa mfano mlinzi wa pili aliyelala darini, kiandike kwenye kijikaratasi, kikunje, kiweke chini ya kikombe cha kahawa, ndipo wakubali kutupa. Wakishindwa, kifunue. Nimeona ubishi wa dakika ishirini ukifa kwa kijikaratasi namna hiyo.

Mwenye ulimi anashinda kila kitu

Meza hii haigombani sana. Unaona tu kwamba mtu mmoja anacheza na wengine wanatazama. Mji una watu wanaojibizana kwa mashairi, na mmoja wao akikaa mezani, kila Liwali anayemwendea anapata beti mbili za papo kwa papo, kila mtu anapiga makofi, msimulizi anasema, "Liwali amekubali." Pembeni kuna dada mkimya. Mhusika wake ndiye aliyeandikwa kuwa msemaji hodari, lakini yeye mwenyewe si msemaji, na kila akifungua mdomo anaambiwa atupe dadu.

Msimulizi anadhani anaamua kwa busara. Kwa kweli anaamua kwa sikio lake. Tenganisha kilichosemwa na kilivyosemwa. Dada anaweza kusema kwa sentensi kavu: "Namkumbusha Liwali kwamba baba yangu ndiye aliyemvusha wakati wa njaa." Hiyo ni hoja, na hoja inashusha kiwango. Tuseme kilikuwa 15 na ana nyongeza ya 3, nafasi yake ni asilimia 45. Kikishuka hadi 10 inakuwa asilimia 70. Beti tamu zisizo na hoja ndani zipigiwe makofi, na kiwango kibaki pale pale. Mshairi atalalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili atakuja na hoja ndani ya beti, na hapo meza yote inapata faida.

Mdogo anaendesha meza ya wakubwa zake

Dalili: kila uamuzi wa msimulizi unajadiliwa, na mara zote anarudi nyuma. Usimwambie awe jasiri. Kijana wa miaka 17 atawezaje kumwambia kaka yake mkubwa "hapana" mbele za watu? Dadu inaweza kumwambia. Katika meza hiyo nashauri dadu nyingi, tena wazi, katikati ya mkeka, viwango vimetajwa. Msimulizi akikua na kaka akishazoea kushindwa, dadu zipunguzwe.

Waliotangulia walilijua hili. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa: ramani, vipande, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi wa kuvisimamia. Majedwali yakachosha watu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza namna huru, mwamuzi mzoefu aamue kwa ujuzi wake, kanuni na dadu ziwekwe kando. Ilifaa kwa sababu mwamuzi alikuwa ofisa aliyeona vita na wachezaji walimheshimu. Uhuru wa msimulizi hutokana na kuaminiwa. Mahali ambapo haujapatikana bado, dadu inashika zamu.

Msimulizi anatupa kwa siri na kubadilisha

Kwa ufupi: kama huwezi kuishi na jibu, usiulize. Hutaki mhusika afe kwa mshale wa jambazi asiye na jina? Sema mshale umempiga begani, hana nguvu ya kuvuta tanga, na usitupe chochote. Ukitupa nyuma ya kitabu ukaona 20 ukasema 11, watagundua, kwa sababu uso wako wanaujua tangu madrasa.

Mzee wa baraza amesema hiyo ni kamari

Kusogea upande mwingine wa mji hakutoshi. Katika Sahihi Muslim imo hadithi kwamba anayecheza nardashiri, mchezo wa dadu, ni kama aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, na wapo wanazuoni wanaoikataza dadu hata kama hakuna senti iliyowekwa. Mimi si shehe. Ninachoweza kusema ni kwamba mchezaji akija na shaka hii, hilo ni la kuheshimiwa na si la kubishaniwa mezani. Amuulize anayemwamini katika dini yake, na akiambiwa aache, meza inaweza kuendelea bila dadu. Marekani kulitoka mchezo wa uhusika usio na dadu kabisa mwaka 1991: wahusika wanalinganishwa uwezo, mwenye zaidi anashinda, isipokuwa mwingine atafute njia ya kuigeuza hali. Kwa meza ya namna hii rudi kwenye wavuvi wako wawili. Wasipobishana, sema. Wakibishana, mpe mchezaji achague: unapita lakini mzigo unaloa, au unasubiri na wanaokufukuza wanakaribia.

Usimjibu mzee kwa hoja za kitabu. "Ami, tunatunga hadithi, karibu usikilize," inatosha, na ukweli ni kwamba wakiketi huwa hawaondoki, na wanasahihisha majina ya upepo.

Wengine hutumia vijikaratasi 20 ndani ya kofia, hasa pale dadu ya pande 20 ilipopotea na hakuna anayesafiri kwenda Nairobi karibuni. Kama kwenu hilo halina tatizo, angalia kitu kimoja: kila karatasi irudishwe kabla ya kuchota tena. Isiporudishwa, kila namba inatoka mara moja tu, na wajanja wataanza kuhesabu. Wakiona 1, 2, 3 na 4 zimekwisha toka, ndipo wanapojitokeza kufanya mambo ya hatari.

Mtu mmoja anapata 1 kila wakati na anailaumu dadu yenyewe

Hapa anaweza kuwa na haki. Dadu za plastiki za bei rahisi huwa na kiputo cha hewa ndani, upande mmoja mzito. Ziko njia mbili za kupima. Ya kwanza ni kutupa mara 100 na kuandika. Kila upande ungetarajiwa kuja mara 5, lakini msiharakishe kuhukumu: upande mmoja ukija mara 9 na mwingine mara 1, hilo ni la kawaida kwa hesabu ndogo kiasi hicho. Ukija mara 15, iweke pembeni.

Ya pili ni maji ya chumvi. Dadu ikielea, igonge kwa kidole izunguke, uone upande gani unakuja juu. Ukija uleule kila mara, imeharibika. Maji ya bahari ya pale gatini hayatoshi, plastiki itazama tu. Chukua maji ya moto kidogo ya bomba, koroga chumvi ya jikoni mpaka yakatae kuyeyusha zaidi, ndipo uitie dadu. Nyingine zitazama hata hapo kwa uzito wa plastiki yake, nazo zirudi kwenye njia ya kwanza. Ikikutwa na kasoro, ibadilisheni bila kurudia vita vya nyuma. Aliyekufa kwa dadu hiyo wiki iliyopita aandike mhusika mpya.